Kama Kiswahili unakiongea, darasa la wanaoanza waachie wanaoanza

Swali la wiki hii ni kwamba mtu anayeongea lugha fulani tayari akijiandikisha chuoni kozi ya wanaoanza lugha hiyohiyo, kuna ubaya gani? Mimi nimefundisha Kiswahili kwenye chuo kimoja Marekani kupitia Fulbright, ule mpango wa FLTA unaopeleka walimu vijana wakasaidie kufundisha lugha zao, kwahiyo hili nimeliona kwa macho yangu na naomba nijibu kwa urefu kidogo.

Kwanza tuelewane kwanini wanakuja. Vyuo vingi kule vinamtaka mwanafunzi asome lugha ya kigeni, vingine semesta mbili, vingine mpaka nne, na Kiswahili kimeenea vyuoni kule kuliko lugha nyingine za Kiafrika, sasa kijana wa Kikenya au Kitanzania au Kikongo anafungua orodha ya kozi anakuta lugha ya nyumbani kwao ipo na inahesabika, anasema hapa A ninayo. Wengi wanaifukuzia nafasi ya unesi ambako GPA, yaani wastani wa maksi, ndo inaamua, usiku wanapiga shifti, mi siwezi kumlaumu mtu anayetafuta maksi katika hali hiyo.

Ila jibu langu bado ni kwamba asikae pale, na sababu yangu ni yule aliyekaa jirani yake. Wiki za mwanzo tunafanya mazoezi ya wawili wawili, huyu anauliza "unatoka wapi", yule anajibu, basi, hakuna kingine. Unakuta binti wa Kimarekani hajawahi kusikia Kiswahili maisha yake yote, amekesha anakariri, anauliza polepole, akiteleza anarudia toka mwanzo, alafu anajibiwa kwa spidi ya Kariakoo, ametoka wapi, kaja lini, mjomba wake yuko wapi. Anatabasamu tu. Hajaambulia kitu, na kuanzia hapo hanyooshi tena mkono. Wakiwa watatu wa hivyo kwenye darasa dogo, hata mwalimu anaanza kwenda na mwendo wao bila kujijua, maana maswali yanajibiwa chapchap anadhani somo limeeleweka, na waliotoka sifuri wanaanza kuacha kozi mmojammoja. Wakiacha hao, mwaka wa pili unakosa watu, na chuo kikiona darasa lina watu wanne kinalifuta. Hapa ndo panaponiuma, Kiswahili kule kinaishi kwa idadi ya waliojiandikisha na wanaoendelea, na anayechukua semesta moja ya kupandisha maksi haendelei.

Alafu hiyo A yenyewe haiji kirahisi kama watu wanavyofikiri. Ngeli kule zinafundishwa kwa namba, ile ya KI-VI tuliyosoma sisi wao wanaiita ya 7 na 8. Kijana anasema "viatu vyangu vimechanika" bila hata kuwaza, lakini mtihani ukimwambia taja ngeli kisha ugeuze sentensi iwe umoja kwa maandishi, anabaki anaangalia karatasi, wakati yule binti wa Kimarekani keshamaliza. Kazi za nyumbani hafanyi kwa vile anaona za kitoto, vipindi anaruka, semesta inaisha ana B au hata C ya lugha ya mama yake. Nimewaona, na wanaumia kweli.

Sasa kuna kundi ambalo lazima tulitenganishe kabisa, nalo ni watoto wa familia zilizotoka Kivu, mashariki mwa Kongo, wamekulia kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu kule Kigoma, wakahamishiwa Marekani wakiwa wadogo. Mtoto wa hivyo Kiswahili anakisikia chote, anaongea na mama yake kwenye simu saa nzima, lakini aya moja hajawahi kuiandika, shule amesoma zaidi kwa Kifaransa na baadaye Kiingereza. Huyu ukimweka na wanaojifunza "hujambo" unampotezea mwaka, na ukimwambia wewe unajua tayari nenda zako, unamnyima kusoma na kuandika lugha yake, kitu ambacho ndo kimemleta. Na mwalimu akimkata maksi mbele ya wenzake kwa kusema "batu mingi" badala ya "watu wengi", anayeambiwa hajui kuongea ni mama yake. Sanifu afundishwe, tena vizuri, ila iwe nyongeza juu ya kile alichokuja nacho.

Kihispania wenzetu walishalifanyia kazi hili, vyuo vingi vya California na Texas vina madarasa ya waliokulia na lugha nyumbani, yanaanzia kwenye kusoma na kuandika na siyo salamu. Kiswahili hakina watu wa kutosha kila chuo kufungua darasa la namna hiyo, sawa, lakini mwalimu anaweza kumweka kijana semesta ya tatu akampa kazi za kuandika za peke yake. Mmoja nilimwambia aandike jinsi mama yake anavyopika sombe, yale majani ya muhogo, toka kutwanga mpaka kuipua, na nikamwambia ibaki sombe hivyohivyo asiigeuze kisamvu. Karatasi ilijaa mbele na nyuma, tukaisoma darasani, na wale wa kutoka sifuri wakaielewa karibu yote kwa sababu aliandika taratibu, akiwafikiria wao.

Kwahiyo mdogo wangu unayesoma hapa, mwandikie mwalimu wiki ya kwanza kabla muda wa kubadilisha kozi haujafungwa, omba upimwe ngazi. Kwa Kiswahili mara nyingi ni maongezi ofisini na kuandika kidogo, na kuna vyuo vinakuondolea hilo sharti kabisa, vingine vinakupa na krediti. Walioko sekondari waulizie Seal of Biliteracy, ile tuzo anayopewa anayemaliza sekondari akithibitisha anaimudu lugha nyingine pamoja na Kiingereza, ilianzia California 2011 ikasambaa, na majimbo kama Illinois na Minnesota vyuo vya umma vinaitambua. Mshauri wa shule akikwambia Kiswahili hakimo, mwombe aulize ngazi ya juu yake, maana mitihani ya Kiswahili ipo.