Maswali ya Wasomaji: Nani Atahama Ligi, na Lini?

Swali: Kila kiangazi tunaambiwa vyuo vya Florida State na Clemson wanaondoka ACC, moja ya ligi kubwa za michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, na kila kiangazi bado wapo. Wanazuiwa na nini?

Jibu: Karatasi mbili. Ya kwanza ni ada ya kujitoa. Ya pili ndiyo nzito zaidi: hati ya kukabidhi haki za matangazo. Chuo kinaipa ligi haki ya kuuza mechi zake za nyumbani hadi mwaka fulani, na kikihama, haki hizo zinabaki nyuma. Hati ya ACC inafika 2036. Ligi mpya ingempokea mgeni ambaye mechi zake za nyumbani haiwezi kuziuza, sasa mgawo wake wa fedha za runinga ungetoka wapi?

Florida State walikwenda mahakamani Desemba 2023, wakidai kwamba kutoka kungewagharimu dola milioni 572. Clemson wakafuata Machi 2024. Kesi zilimalizwa kwa suluhu Machi 2025, na masharti ya suluhu hiyo ndiyo ya kukariri kuliko tetesi zote. Ada ya kutoka ilipangwa kuwa dola milioni 165 kwa mwaka wa fedha 2025-26, kisha inashuka milioni 18 kila mwaka: 147, 129, 111, 93, hadi 75 mwaka 2030-31. Anayelipa anaondoka na haki zake mkononi. Pia asilimia 60 ya fedha za runinga sasa inagawanywa kwa kuangalia timu ipi inatazamwa zaidi, na hapo Florida State na Clemson ndio wanaoneemeka. Hamu ya kuondoka imepoa kidogo.

Sasa linganisha miaka. Mkataba wa ligi ya Big Ten na vituo vya runinga vya Fox, CBS na NBC unaisha na msimu wa 2029-30. Wa ligi ya Big 12 unaisha 2030-31. Ada ya ACC inafika chini kabisa wakati uleule ligi nyingine zinarudi mezani na runinga. Kwa maoni yetu, kabla ya hapo habari nyingi za kuhama ACC ni kelele. Mwongezeni North Carolina kwenye orodha ya kutazama: 2023 wao, Florida State na Clemson ndio waliopiga kura ya kuwakataa Stanford, Cal na SMU, vyuo vilivyotaka kuingia ACC. Zilihitajika kura 12 kati ya 15 za wanachama, na wageni walipita baada ya NC State kubadili msimamo.

Swali: Pac-12, ligi ya vyuo vya magharibi mwa Marekani, ilikuwa na mizizi ya tangu 1915. Ilivunjikaje ndani ya majuma machache?

Jibu: Kwa sababu haikuwa na karatasi hizo. Mikataba yake ya runinga ilikuwa inafikia mwisho kiangazi cha 2024, na hakuna hati iliyofunga vyuo kwa miaka ya mbele. Aliyepanga kuondoka wakati huo aliondoka bila ada.

Vyuo vya USC na UCLA walitangaza kwenda Big Ten tarehe 30 Juni 2022, na soko la Los Angeles likaondoka nao. Oktoba mwaka huohuo Big 12 walifanya jambo la kijanja: hawakungoja mkataba wao uishe, wakasaini mpya mapema na vituo vya ESPN na Fox. Pac-12 ilipofika dirishani, wanunuzi wakubwa walikuwa wameshatumia fedha zao kwingine. Colorado wakatangulia kwenda Big 12 tarehe 27 Julai 2023. Tarehe 4 Agosti, siku moja tu, Oregon na Washington wakachagua Big Ten, huku Arizona, Arizona State na Utah wakielekea Big 12. Stanford na Cal walipopata hifadhi ACC mwezi uliofuata, waliobaki ni Oregon State na Washington State.

Swali: Nikisoma kwamba chuo fulani "kiko mbioni kuhama", nianzie wapi kuchuja?

Jibu: Anza na tarehe ya mwisho ya hati ya haki za matangazo, halafu ada, halafu idadi ya kura zinazohitajika kumpokea. Kisha uliza swali la mwenye nyumba: mgeni njoo, mwenyeji apone? Mwanachama mpya asiyekuza mgawo wa wenyeji hapewi mgawo kamili. Oregon na Washington waliingia Big Ten kwa takriban dola milioni 30 kwa mwaka, pungufu sana ya wenzao. Stanford na Cal walikubali asilimia 30 ya mgawo wa ACC. SMU walikubali kukaa miaka 9 bila fedha za runinga za ligi, kwa kuwa wana wafadhili wa kuziba pengo. Ukisikia chuo kidogo kinatajwa, tazama kama kina mfuko wa namna hiyo.

Swali: Pac-12 mpya, iliyojengwa upya na Oregon State na Washington State waliobaki, ilimpata Gonzaga, timu kubwa ya mpira wa kikapu. Mbona bado ilitafuta mwanachama mwingine?

Jibu: Ligi ya daraja la juu la futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu, inatakiwa kuwa na vyuo 8 vinavyoucheza mchezo huo. Gonzaga hawana timu yake, kwa hiyo hawahesabiki. Boise State, San Diego State, Fresno State, Colorado State na Utah State, pamoja na wale wawili wa zamani, ni 7. Wa nane ni Texas State, waliotangazwa 30 Juni 2025. Tarehe hiyo haikuja hivihivi, maana kesho yake ada yao ya kutoka ligi yao ya Sun Belt ilikuwa ipande kutoka dola milioni 5 hadi 10.

Wale watano wa mwanzo, Boise State hadi Utah State, walitoka ligi ya Mountain West, na hapo kuna kifungu ambacho wengi hawakijui. Pac-12 ilikuwa imesaini na ligi hiyo makubaliano ya ratiba ya mechi yenye adhabu ya kunyang'anya wanachama: dola milioni 10 kwa wa kwanza, kisha kila anayefuata nusu milioni zaidi ya aliyemtangulia. Jumla kwa watano ni milioni 55, mbali na ada za vyuo vyenyewe. Pac-12 wakaenda kuipinga mahakamani.

Swali: Na chuo cha Notre Dame?

Jibu: Futiboli wanajitegemea na wana mkataba wao na NBC, michezo mingine mingi wako ACC. Wakiamua kuingia ligi kwa futiboli kabla ya 2036, makubaliano yao yanawataka waingie ACC.