Re: Kweli kuna rais wa Marekani ambaye hakusoma hata darasa moja?

Mkuu, ni kweli. Ni Andrew Johnson, aliyeshika urais mwaka 1865 Lincoln alipouawa. Shule hakuiona hata siku moja.

Alizaliwa Raleigh, North Carolina, mwaka 1808. Baba alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu, na mama, aliyekuwa akifua na kufuma, akamkabidhi kwa fundi nguo James Selby. Kwa mkataba alitakiwa kumtumikia mpaka afikishe miaka 21. Hapo ndipo alipopata herufi, maana watu wa mjini walikuwa wakipita kuwasomea mafundi hotuba wakiwa wanashona. Mwaka 1824 akatoroka na kaka yake, Selby akatangaza gazetini zawadi ya dola 10. Kumbuka huyo ni rais mtarajiwa!

Ila ile hadithi kwamba mkewe ndiye aliyemfundisha kusoma imetiwa chumvi. Walipooana Tennessee mwaka 1827 kusoma alishajua. Eliza alimnoa kwenye kuandika na hesabu. Baadaye, dukani kwake Greeneville, Johnson alikuwa akimlipa mtu amsomee huku yeye akishona.