Kadi ya bangi ya tiba Pennsylvania: kagua makaratasi yako kabla ya maumivu yako

Tangu ijulikane hapa Allentown kwamba nina kadi ya bangi ya tiba, simu zangu zimebadilika. Zamani watu walinipigia kuulizia kazi za ghala au bei ya kusafirisha gari hadi Dar es Salaam. Siku hizi wanapiga usiku, wanaongea kwa sauti ya chini: mgongo, goti, sikoseli ya mtoto, usingizi uliogoma. Karibu wote wanaanza na swali moja: "Kaka, ugonjwa wangu unafaa?" Nami nawarudishia swali: "Wewe ni raia, au bado una grini kadi?"

Wengine wanadhani nawakwepa. Hapana. Kadi hii inatolewa na jimbo, ila ruhusa yako ya kuishi Marekani inatolewa na serikali ya shirikisho, na huko bangi iliwekwa kwenye daraja la juu kabisa la dawa zilizopigwa marufuku na sheria ya mwaka 1970. Majimbo yakaja yakajitungia sheria zao, California ikiwa ya kwanza mwaka 1996, lakini ofisa wa uhamiaji haongozwi na sheria ya jimbo. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, iliweka wazi kwenye mwongozo wake kwamba mwombaji wa uraia anaweza kuhesabiwa hana mwenendo mwema kwa kujihusisha na bangi, hata pale jimbo lake linaporuhusu. Si lazima uwe umekamatwa. Kukiri kwa mdomo wako mwenyewe kwenye usaili kunaweza kutosha. Fomu ya kuomba grini kadi nayo inauliza kama umewahi kuvunja sheria yoyote ya dawa za kulevya, iwe ya jimbo, ya Marekani au ya nchi nyingine, na kudanganya humo ni kujiongezea kosa juu ya kosa.

Kwa hiyo kama wewe ni mkimbizi, mwanafunzi mwenye visa, mwombaji wa hifadhi au mwenye grini kadi, nenda kwa wakili wa uhamiaji kwanza, daktari baadaye. Nasema wakili, sisemi rafiki aliyewahi kupita usaili. Mkumbuke pia kwamba ukienda kusalimia nyumbani, unaporudi ofisa wa mpakani anaweza kukuuliza maswali na kupekua simu yako, na ile picha ya kadi uliyomtumia dada yako kwa furaha bado imo humo. Wapo watu wenye maumivu makali ambao wakili atawaambia wasubiri hadi waapishwe kuwa raia. Ni uchungu, lakini grini kadi ikipotea haina dawa ya kupaka.

Mimi niliomba nikiwa raia tayari. Nina kisukari cha miaka mingi, na kisukari kikaja na ndugu yake: neva za miguu zilizoharibika. Mwenye ugonjwa huu anaujua. Mchana ganzi, usiku moto, shuka lenyewe likigusa kidole unaruka. Ukiongeza kubeba boksi kwenye sakafu ya zege zamu nzima, unafika nyumbani unaongea peke yako. Gabapentini, dawa ya maumivu ya neva, ilinisaidia kiasi, ila nikiongeza dozi naamka kama mtu aliyepigwa nyundo.

Sheria ya Pennsylvania inaitwa Act 16. Gavana Tom Wolf aliisaini Aprili 2016, na maduka ya kwanza yalifunguliwa Februari 2018. Haisemi "mgonjwa yeyote". Ina orodha ya magonjwa, na lazima wako uwemo: saratani, kifafa, VVU na UKIMWI, glakoma, Parkinson, sikoseli, kiwewe cha baada ya majanga ambacho ndugu zetu wengi waliokimbia vita Kivu wanakijua, magonjwa ya neva kama wangu, maumivu makali sugu, na mengineyo. Mwaka 2019 waliongeza ugonjwa wa wasiwasi, na tangu hapo watu wengi wanaingia kwa mlango huo. Kukosa usingizi peke yake hakumo. Presha haimo. Kisukari chenyewe hakimo. Nilichokubaliwa nacho ni madhara yake kwenye neva, ndiyo maana ni muhimu ujue jina kamili la ugonjwa wako kama lilivyoandikwa kwenye faili la hospitali, si kama unavyousimulia.

Sasa kuomba. Watu wanafikiri unaanza kwa daktari. Unaanza kwenye tovuti ya idara ya afya ya jimbo, kwenye daftari la wagonjwa wa bangi ya tiba. Lazima uwe mkazi wa Pennsylvania na uwe na leseni ya udereva au kitambulisho cha PennDOT, idara ya uchukuzi ya jimbo. Jina na anwani unavyoviandika pale vifanane na kitambulisho herufi kwa herufi. Hapa ndipo sisi tunapokwama. Majina yetu ni matatu, na kila ofisi iliyotupokea iliyakata inavyotaka: jina la babu limegeuzwa la ukoo, Mohamed wa pasipoti ni Mohammed wa bima, mwingine jina lake la kati limepotelea kambini Nyarugusu na halikuonekana tena. Kama umehama nyumba, badilisha anwani PennDOT kabla hujagusa fomu, kwa sababu kadi inakuja kwa posta.

Ukishajisajili unapewa namba ya mgonjwa. Hiyo ndiyo unayompelekea daktari, na si daktari yeyote: awe ameidhinishwa na idara ya afya baada ya kusoma mafunzo ya saa nne, na orodha yao iko wazi kwenye tovuti hiyo hiyo. Daktari wako wa kawaida anaweza asiwemo. Wa kwangu hakuwemo, ila nilimwambia nia yangu, akanipa nakala ya rekodi zangu bila maneno mengi. Nawashauri mfanye hivyo. Mgonjwa wa kisukari au presha akianza kitu kipya nyuma ya mgongo wa daktari wake, anayeumia ni yeye.

Mahojiano yanaweza kufanywa kwa video. Usitegemee mazungumzo marefu. Wengine wanakimbiza wagonjwa kama kondakta wa daladala jioni. Beba rekodi, orodha ya dawa zote unazomeza, na maelezo mafupi ya yale uliyokwisha kujaribu. Kabla ya kukupitisha atafungua mfumo wa jimbo unaoonyesha dawa nzito ulizoandikiwa, kwa hiyo kama unatumia dawa za afyuni za maumivu, zitaje mwenyewe. Anachokupa mwisho si agizo la dawa kama la amoksilini. Anathibitisha tu kwamba una ugonjwa uliomo kwenye orodha. Bima hailipii mahojiano haya, na mara nyingi bei inazidi dola 100, hivyo ulizeni kwanza kama wanarudisha pesa mtu asipokidhi vigezo. Baada ya hapo unarudi kwenye daftari la jimbo kulipia kadi yenyewe, dola 50. Walio kwenye Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo) au SNAP (msaada wa chakula) waangalie kipengele cha nafuu ya ada kabla hawajatoa hela. Na ukiona tovuti inakuuzia "kadi ya Marekani nzima" bila daktari na bila jimbo, umekutana na matapeli. Kadi kama hiyo haipo.

Kwa mtoto, mzazi ndiye anayejisajili kama mlezi, na anachunguzwa rekodi yake ya jinai kwa alama za vidole. Mama mmoja wa mtoto mwenye sikoseli aliniuliza kama anaweza kuachana na hidroksiyurea, dawa ya sikoseli, akipata kadi. Nilimwambia asiguse kitu mpaka azungumze na daktari wa damu. Bangi haizuii seli za damu zisijikunje. Kama itasaidia, itasaidia maumivu tu.

Kazi. Mpwa wangu anaendesha lori kubwa, ana CDL, leseni ya magari makubwa ya biashara, na mgongo uliochoka. Alinijia na shangwe: "Mjomba, nami nichukulie kadi." Nikamwambia, wewe kadi hii ni kisu. Dereva wa CDL anapimwa kwa kanuni za wizara ya uchukuzi ya shirikisho, na daktari anayepitia majibu ya mkojo haruhusiwi kukubali kadi ya jimbo kama sababu. Ukikutwa na bangi mwilini unaingizwa kwenye hifadhidata ya kitaifa ya madereva iliyoanza Januari 2020, na kila kampuni utakayoomba kazi itaona. Akanuna wiki nzima. Sasa anafanya fiziotherapi, analalamika, lakini lori bado lake.

Sisi wa maghala na wanaotunza wazee tuna nafasi kidogo. Act 16 inamkataza mwajiri kukufukuza kwa sababu tu umesajiliwa kama mgonjwa. Haimlazimishi akuvumilie ukiwa umelewa kazini, wala haikupi ruhusa ya kutumia bangi kwenye mali yake. Soma kitabu cha kanuni za kazi kabla, hasa kama unaendesha foklifti. Kuhusu gari lako binafsi sheria ni kali kuliko watu wanavyodhani: Pennsylvania inahesabu kiasi chochote cha bangi kwenye damu ya dereva kuwa kosa, na mabaki yake hukaa mwilini siku nyingi baada ya ulevi kuisha. Kadi si kinga hapo. Mimi usiku ninaotumia, funguo anashika mke wangu. Wanaoishi kwenye nyumba za ruzuku ya serikali ya shirikisho nao waulize kabla, maana huko pia sheria ni ya Washington. Na mwenye bunduki ya kuwindia paa ajue kwamba fomu ya kununua silaha inataja bangi waziwazi.

Dukani unaonyesha kadi na kitambulisho mlangoni. Panafanana na famasia, si kijiwe. Mara ya kwanza omba kuzungumza na mfamasia, na usikubali muuzaji kijana akuchagulie kwa kuwa "hii ni kali." Pennsylvania hawauzi biskuti wala peremende za bangi, kuna vidonge, mafuta ya kudondosha chini ya ulimi, ya kupaka, na majani makavu ambayo kisheria unayavuta kwa kifaa cha mvuke. Kuwasha msokoto hakuruhusiwi hata ukiwa na kadi. Nililipa taslimu, na bima haitoi hata senti.

Nilianza na miligramu 2.5 za THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, kwa kidonge, usiku, nikiwa sina zamu kesho yake. Cha kumeza kinachukua nusu saa mpaka saa mbili kufanya kazi, na wanaoumia ni wale wanaoona kimya wakaongeza kingine. Ripoti kubwa ya akademia za sayansi za Marekani ya mwaka 2017 ilikubali kwamba kuna ushahidi wa kutosha kuwa bangi hupunguza maumivu sugu kwa watu wazima. Haikusema inaponya. Miguu yangu bado inawaka. Tofauti ni kwamba moto umesogea mbali kidogo, nalala kwa mfululizo, na gabapentini nimepunguziwa na daktari wangu. Lakini inaleta njaa ya ajabu, na mgonjwa wa kisukari anayefungua jokofu saa sita usiku akakuta kiporo cha pilau, asubuhi kipimo kitamshtaki. Sasa naacha karanga karibu na kitanda, na jiko limefungwa. Mwenye ujauzito, mwenye historia ya kurukwa na akili kwenye familia, au anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asijaribu kabla ya kuzungumza na daktari anayemfahamu.

Ng'ambo ya mto Delaware, New Jersey, mtu yeyote wa miaka 21 au zaidi ananunua bangi dukani bila kadi tangu Aprili 2022. Watu wa Easton, mji wetu wa mpakani, wanavuka daraja kama wanakwenda sokoni. Kurudi nayo ni kuvusha dawa za kulevya kutoka jimbo hadi jimbo, na hilo ni kosa la shirikisho kwa raia na asiye raia. Nyumbani ndiyo kabisa. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2015 na mamlaka inayoisimamia, Kenya ina ya mwaka 1994, na hakuna anayejali kwamba vidonge vyako vina lebo ya famasia ya Pennsylvania. Kabla ya safari kagua begi, mifuko ya koti na kile kikopo cha mafuta ya kupaka ulichomwazima shangazi. Ukipitia Dubai, kagua mara mbili.

Kuhusu mwaka unaofuata: uthibitisho wa daktari una mwisho wake, hauzidi mwaka, na kadi vilevile. Jimbo linakutumia barua pepe ya kukumbusha, mara nyingi inaangukia kwenye takataka. Panga miadi ya daktari mwezi mmoja kabla, kwa sababu bila uthibitisho mpya huwezi kulipia kadi mpya, na yule mlinzi wa mlangoni hana mamlaka ya kukuhurumia.