Mwalimu, jibu langu sahihi mbona mashine inanipa kosa?

Assalaam alaykum wasomaji wangu. Nilivyosema niulizeni ya hesabu nilitegemea mtaniletea maswali ya mtihani, mana msimu wenyewe ndo huu, kumbe barua karibu zote zinalalamikia kitu kimoja, hizi kazi za skuli na chuo zinazofanywa kwenye mtandao, unaandika jibu kwenye kiboksi, unabonyeza, na mashine inakwambia palepale umepata au umekosa. Nimechagua nne. Mliouliza habari za ada mnisamehe, hiyo si kazi yangu.

*

Shikamoo mwalimu. Mimi niko chuo mwaka wa kwanza, nakaa Tunguu. Kuna swali nimelikosa mara nne na alama zinakatwa kila nikijaribu. Ni sehemu, juu yake 3 kujumlisha 5, chini yake 2 mara 4, wametaka tuiandike kama ilivyo bila kurahisisha. Kwenye daftari napata 1, rafiki yangu kapata 1, kalkuleta inasema 1. Nimeandika 3+5/2*4 inakataa. Nimeondoka nikarudi, nimezima simu nikawasha, inakataa. Mimi naona imeharibika. Nifanyeje?
– Nimechoka, Tunguu

Marahaba mwanangu. Haijaharibika, na simu ungeiacha tu ipumzike, haina kosa.

Hebu chukua daftari lako uangalie ile sehemu ulivyoiandika. Kuna mstari umeupiga katikati, si ndiyo? Ule mstari unafanya kazi mbili na hakuna mtu aliyekwambia tangu darasa la nne. Kazi ya kwanza ni kugawanya, hiyo unaijua. Kazi ya pili ni mabano, unawafunga wa juu wawe kitu kimoja na wa chini wawe kitu kimoja. Sasa kwenye simu mstari huo huna, una kile kimkwaju / tu, na chenyewe kinajua kugawanya peke yake, mabano hakijui. Kwa hiyo mashine imesoma ulichoandika: 5 gawanya kwa 2 ni 2.5, mara 4 ni 10, jumlisha 3 ni 13. Daftari lako lina 1, kiboksi chako kina 13, na mashine imesahihisha kiboksi, daftari haijaliona.

Andika (3+5)/(2*4). Mabano yote mawili, usifanye uchoyo. Mana najua kuna mmoja atasoma hapa atafunga ya juu peke yake, ataandika (3+5)/2*4, na hapo 8 gawanya 2 ni 4, mara 4 ni 16. Umeona? Sehemu moja ileile, 13, 16 na 1, tofauti ni mabano tu.

Sasa utaniambia mwalimu mbona sisi tuna MAGAZIJUTO. Ndiyo, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, tumeiimba wote mpaka tukaota. Lakini MAGAZIJUTO ina matundu mawili na mashine inakupitia humohumo. La kwanza, inakufanya udhani JU inatangulia TO siku zote. 10-3+2 kuna watu wazima kabisa wanajumlisha 3 na 2 kwanza halafu wanatoa, wanapata 5. Mashine inakwenda kushoto kuja kulia, 7 kisha 9, na 9 ndo sahihi, kujumlisha na kutoa ni ndugu wa tumbo moja hakuna mkubwa, na kuzidisha na kugawanya vilevile. La pili, kipeo hakimo kabisa. Kipeo kwenye kibodi ni kile kikofia ^, na kinatangulia wote ukiondoa mabano. Kwa hiyo ukiambiwa x ni hasi tatu, tafuta x kipeo cha pili, ukaandika -3^2, mifumo mingi ya hesabu inakupa -9, mana inapandisha 3 kwanza halafu ndo inaweka hasi. Andika (-3)^2 upate 9 yako. Na kichekesho, Excel ukiiandikia =-3^2 inakupa 9. Mashine zenyewe hazijakubaliana ndugu yangu, ndo nikasema mabano, mabano, mabano.

Hivohivo 1/2x, kuna inayosoma nusu ya x na kuna inayosoma moja chini ya 2x. Usiiache ikakukisia, andika (1/2)*x au 1/(2*x). Na kipeuo cha pili andika sqrt halafu mabano, sqrt(16), si herufi v uliyoipinda ikafanana.

Jambo jingine, kabla hujatuma tafuta kitufe cha Preview au picha ndogo ya jibu lako inayotokea pembeni. Mfumo kama WeBWorK, huu ulianzia chuo cha Rochester Marekani miaka ya 1990, unacho kitufe hicho na unakuchorea ulichoandika kwa mstari wa sehemu kama daftarini. Ukiona mstari umepita chini ya 5 peke yake na 3 imebaki nje inashangaa, umeshajua. Kutazama hakukati alama. Kutuma ndo kunakata, kwenye Moodle, mfumo mwengine wa kuwekea masomo na kazi mtandaoni, mwalimu akiwasha ile ya kujaribu tena na tena akaiacha kama ilivyokuja, kila ukikosa inaondoka theluthi ya alama za swali, yani wewe na mara nne zako ulishamaliza zamani.

*

Mwalimu salaam. Mie si mwanafunzi, mie mama. Mwanangu anasoma kozi ya nje kwa mtandao, kazi yake ilikuwa mwisho 6:00 PM Ijumaa, kaikamilisha vizuri nimemuona kwa macho yangu, kakaa mpaka saa nne usiku, akituma anaambiwa muda umepita. Analia. Huu si uonevu?
– Mama Kiembesamaki

Bibie pole, na mpe pole kijana. Uonevu sio, ila nimecheka kidogo kisha nikajisikia vibaya, mana mimi mwenyewe yamenikuta.

Kijana kaona 6:00 akasoma saa sita. Na PM ni usiku, basi saa sita usiku, bado masaa mawili, hana wasiwasi. Kumbe 6:00 PM ni saa kumi na mbili jioni, adhana ya magharibi haijapigwa. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapotoka, wao wanahesabu kuanzia usiku wa manane, tofauti masaa sita kamili, na mtu akiwa na haraka ubongo unarudi kwenye saa ya mama yake. Tunajua wote, na tunakosea wote.

Halafu muulize hiyo saa ni ya wapi. Sisi tuko masaa matatu mbele ya saa ya dunia ile wanayoiita UTC na hatubadilishi mwaka mzima. Mfumo ukisema mwisho 23:59 UTC, kwako ni saa nane na dakika 59 usiku, ana muda zaidi ya anavyodhani. Ikiwa ni saa ya New York ndo inamfikia asubuhi ya pili, saa moja na dakika 59 wakati wao wako kwenye baridi, na wakipeleka saa zao mbele inakuwa saa kumi na mbili na dakika 59. Mifumo mingi ukiingia kwenye mipangilio yako unachagua Dar es Salaam au Nairobi na yenyewe inakubadilishia, aifanye leo.

Wanayokosea sana ni 12:00 AM Ijumaa. Watu wanangoja Ijumaa usiku. Hapana, hiyo ni Alhamisi ikiisha. Lakini hapa Mzanzibari asikosee hata kidogo, bibi zetu wakisema usiku wa Ijumaa wanakusudia ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, ndo huohuo.

Na amuandikie mwalimu wake kwa adabu aeleze kilichotokea, bila ya hadithi ya umeme kukatika. Umeme tunausingizia mpaka siku ukikatika kweli hatuaminiwi.

*

Mwalimu mimi niko Wete kidato cha tatu. Swali la karafuu, jibu kilo 1,500. Nimeandika 1,500 kg, kosa. Nimeandika 1,500, kosa. Mwenzangu kaandika 1500 kapata. Haki hiyo?

Mkato, mwanangu. Wewe unautumia kupumzisha macho kwenye elfu, mifumo mingi inautumia kutenganisha majibu mawili, kwa hiyo umeambia mashine majibu yako ni 1 na 500. Namba ndefu iandike bila mkato na bila nafasi, 1500, 2300000. Ikiwa imekuwa ndefu mno andika 2.3e6, nayo inaeleweka kwa wingi wa mifumo. Na desimali ni nukta. Kilo ikiwa tayari wameiandika mbele ya kiboksi usiirudie, ikiwa wametaka uiandike watakwambia.

Tena angalia kibodi yako ya simu. Wengi wetu tuna ya Kiarabu kwa ajili ya kuandikia dua na salamu, unahama unasahau kurudi, unaandika ٣ badala ya 3 au mkato unaotazama upande wa pili, kwako ni tatu, kwa mashine ni kitu kingine kabisa. Na alama ya kuzidisha ni nyota *, ile x ni herufi, mashine itaiona ni x ya kutafutwa. Na usikopi jibu kutoka WhatsApp, alama ya kutoa mara nyingi inakuja ndefu kuliko inavyotakiwa na kwa jicho huioni.

*

Mwalimu mwenzangu, habari za kazi. Nasomesha hapa Chake, nimeanza kuwawekea wanafunzi kazi kwenye Moodle. Jibu theluthi mbili, mwanafunzi kaandika 0.667 kapata, mwengine 0.67 kakosa, wazazi wamenijia juu. Na kwenye jiografia nimeuliza mji mkuu wa kisiwa cha Pemba, nusu ya darasa kakosa na wote wanakaa hapahapa.

Nzuri, alhamdulillahi. Hapa sasa mwenzangu kosa ni letu, si la watoto.

Swali la namba, pembeni ya jibu Moodle inakuuliza unaruhusu kosa kiasi gani. Bila shaka jibu uliweka 0.6667 na kosa 0.001. 0.667 iko mbali kwa 0.0003 ikapita, 0.67 iko mbali kwa 0.0033 ikakwama. Weka 0.005 zitapita zote mbili, au andika kwenye swali lenyewe desimali ngapi unazitaka. Mtoto hawezi kujua kilichomo kichwani mwako. WeBWorK nayo ukiiacha kama ilivyokuja inaruhusu sehemu moja tu katika elfu, 0.67 humo pia inakwama.

La Chake nimelipenda. Wewe umeandika Chake Chake, kuna mtoto kaandika Chakechake, mwengine kaweka kistari, na wote wanakaa hapo. Kwenye jibu andika Chake*Chake, nyota kwenye Moodle inasimama badala ya chochote, hata badala ya hamna, na uzime ile ya kujali herufi kubwa na ndogo. Itapita hata ya mtoto mtundu atakayeandika Chake si Chake, lakini huyo mpe tu alama zake.

Na kama unasomesha pembe, kwa hisani yako waandikie ni nyuzi au radiani, kile kipimo kingine cha pembe. Niliwahi kusoma kozi moja kwa mtandao, mtu mzima, miaka yote hii nasomesha watu sine ya 30 ni nusu, nikaandika sin(30) kwa raha zangu, mashine ikanirudishia kosa. Inahesabu radiani, sin(30) yake ni hasi 0.988. Nilikaa na swali hilo kutoka isha mpaka mke wangu akaniuliza kama nimegombana na mtu. Log nayo vilevile, kuna mifumo inayoisoma kwa kizio cha 10 na kuna inayoisoma kama ln, yani log ya kizio e, jaribu mwenyewe kabla hujawapa watoto, andika log(10) uone inakupa 1 au 2.303.

Mimi darasa langu nawaanzia na swali lisilo na alama hata moja. Nawaambia andikeni theluthi mbili, kisha hasi tatu kipeo cha pili, kisha elfu moja mia tano, na mjaribu mnavyotaka mpaka mashine iwakubalie. Siku ya kwanza kelele darasani zinafika barabarani, yuko aliyeandika "elfu moja mia tano" kwa maneno, herufi kwa herufi, na akabishana nami kwamba ndivyo nilivyosema.