Kuga ya dizeli isiyo na mfuniko wa tanki: niliyoyaona kwa miaka minne

Ndugu uliyeuliza kama ununue Ford Kuga ya dizeli uliyoikuta yadi bila mfuniko wa tanki, ukihofia vumbi na kutaja uvujaji wa mvuke wa mafuta, mfuniko huo haukuibwa wala haukupotea njiani kutoka bandarini. Gari hilo lilitoka kiwandani likiwa hivyo. Mimi nina Kuga ya 2013 yenye injini ya dizeli ya lita 2.0, iliyotumika Uingereza kabla ya kuletwa nchini, na kwa miaka minne nimeiendesha kati ya Dodoma mjini na shamba letu la mahindi upande wa Kiteto. Nimejaza mafuta kwenye vituo vikubwa vya mjini, kwenye vituo vya pampu moja vilivyo mbali na lami, na siku moja kutoka kwenye dumu kando ya barabara, na kila mahali nimejifunza jambo ambalo muuzaji hakuniambia.

Ford waliuleta mfumo huu wa tundu lisilo na mfuniko Ulaya kwa Mondeo ya 2007 na Marekani kwa Explorer ya 2008, na baadaye Honda nao wakauweka kwenye Civic ya 2016 ya soko la Marekani, kwa hiyo si kitu cha kubahatisha. Ukifungua kimlango cha nje utaona tundu lililozibwa na kibati chenye springi, na pembeni mwake vishikio viwili vidogo vinavyokizuia kibati hicho kisifunguke. Nozeli, yaani mdomo wa bomba la pampu ya kituo, ikiwa na unene unaotakiwa huvisukuma vishikio vyote viwili kwa wakati mmoja, kibati kinalala na mafuta yanapita. Nozeli ikitolewa, springi inakirudisha kibati mahali pake na mpira wa pembezoni unaziba.

Neno kubwa hapo ni unene. Nozeli ya petroli ina kipenyo cha milimita 21 hivi, na ya dizeli hufika milimita 24 au 25. Katika gari la dizeli kama langu, vishikio vimepimwa ili nozeli ya petroli isiweze kuvigusa vyote viwili, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya mimi kulipenda tundu hili. Jioni moja niliingia kituoni nikiwa nazungumza na mke wangu, nikamwambia kijana wa pampu aweke dizeli, nikaendelea na mazungumzo. Baada ya muda nikasikia chuma kikigonga chuma mara kadhaa, kisha kijana akaja dirishani akasema, "Mzee, tundu lako limeziba, nozeli haiingii." Niliposhuka nikaona mkononi ameshika nozeli ya petroli. Hakuwa mzembe kuliko wengine. Foleni ilikuwa ndefu, na gari dogo la familia machoni pa wahudumu wengi ni gari la petroli. Lakini tundu lingekuwa la kawaida, nozeli ile nyembamba ingeingia bila kizuizi chochote, nami ningewasha gari na kuondoka.

Wanaofahamu injini hizi za dizeli za kisasa wanajua kinachofuata. Pampu ya presha kubwa hulainishwa na dizeli yenyewe, na petroli haina uwezo huo, hivyo vyuma vya pampu husagana na chembe zake husafiri hadi kwenye nozeli za injini. Jirani yangu alipatwa na mkasa huo kwa pikapu yake, na ukarabati ulimla fedha ya msimu mzima wa alizeti. Kwa mwenye gari la dizeli katika nchi ambayo mafuta anajaziwa na mtu mwingine, naona kinga hii peke yake inatosha kuufanya mfumo uwe na thamani. Kwa gari la petroli faida hiyo ni ndogo, kwa kuwa nozeli nene ya dizeli hata kwenye tundu la kawaida la petroli haipiti.

Faida nyingine ni ndogo lakini ni ya kila wiki. Mfuniko hauachwi juu ya pampu, na hutaliona gari lako likizungushwa mjini likiwa limezibwa kwa tambara kama Corolla nyingi tunazozifahamu. Ila jiandae kuwatuliza wahudumu. Wa kwanza kunihudumia alizungusha kidole kwenye tundu, akatazama chini ya gari, kisha akaniambia kwa wasiwasi wa kweli, "Mzee, mfuniko wako sijauona, usije ukasema nimeuchukua mimi." Waambie pia wasiichomoe nozeli haraka. Kitabu cha gari kinataka isubiriwe sekunde kadhaa baada ya pampu kukata, ili matone yaliyobaki yaingie ndani. Ikivutwa papo hapo, dizeli inachuruzika juu ya kibati, na vumbi la safari linapata mahali pa kunata.

Sasa nije kwenye adha, na kubwa kuliko zote ni dumu. Mwaka wa kwanza, nikiwa nimepita Kibaya kurudi Kongwa, taa ya mafuta iliwaka mahali ambapo kituo cha karibu hakikuwa na dizeli. Nikapata mzee mmoja mwenye dumu la lita 20 na chupa ya maji iliyokatwa kitako, ambayo kwa magari mengine yote humtosha. Mdomo wa chupa uligusa kishikio kimoja, cha pili kikabaki palepale, na dizeli ikamwagika ubavuni mwa gari hadi kwenye tairi. Kijana mmoja akaleta bisibisi ili akisukume kibati huku mwenzake akimimina. Namshukuru Mungu kwamba nilikataa, kwa sababu kishikio kikipinda au mpira ukichanika, kibati hakizibi tena, na katika gari langu kibati hakiuzwi peke yake kama mfuniko. Unabadilisha shingo yote ya tanki.

Tulihangaika karibu saa nzima. Mwishowe mke wangu alishusha mizigo yote akainua sakafu ya buti, na hapo pembeni mwa gurudumu la akiba tukakuta faneli ya plastiki, ndefu na nyembamba, yenye mdomo uliopimwa sawasawa na nozeli ya dizeli. Nilikuwa na gari miezi minane bila kujua kwamba ipo. Iliingia kwa mkono mmoja, vishikio vikaachia, na lita zote 20 zikashuka bila tone kumwagika. Faneli hiyo hiyo ilinisaidia tena kwenye kituo kimoja ambacho pampu yake ya dizeli ilikuwa imefungwa nozeli nyembamba ya petroli, gari likawa linaikataa dizeli halali. Unaingiza faneli kwanza, kisha nozeli ndani ya faneli. Lakini ukishafanya hivyo umeiondoa ile kinga niliyoisifu hapo juu, kwa hiyo hakikisha kwa macho yako kinachotoka kwenye pampu.

Kuhusu vumbi, hofu yako ina msingi. Mfuniko wa kawaida huufunika mdomo wa tundu wote, ilhali hapa kibati na mpira wake vimekaa wazi nyuma ya kimlango ambacho hakizuii vumbi laini la kiangazi. Baada ya kilomita 100 za barabara ya udongo nimekuwa nikikuta tabaka jekundu juu ya kibati, na nozeli ikiingia hulisukuma tankini. Ninabeba brashi ndogo ya rangi na kitambaa kikavu, ninasafisha kabla ya kumruhusu mhudumu, na chujio la dizeli ninalibadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema. Sijapata tatizo la mafuta hadi leo. Wanaoosha gari kwa mashine ya presha wakumbushwe wasielekeze maji pale kwa karibu. Kitabu cha Ford kinasema umbali usipungue sentimita 20, tena kwa muda mfupi tu.

Wizi wa mafuta kwa kunyonya na bomba la mpira unakuwa mgumu, kwa kuwa bomba laini halifungui kibati. Ugumu huo huo unampata fundi akitaka kutoa mafuta machafu: kwangu ilibidi ayatoe kupitia njia ya mafuta ya kwenda kwenye injini, kazi iliyochukua asubuhi nzima. Suala la mvuke ulilolitaja halikuhusu sana wewe wa dizeli. Ni la magari ya petroli, hasa yale ya soko la Marekani ambayo kompyuta yake hupima uvujaji wa mvuke wa tanki. Mpira wa tundu ukichoka, taa ya injini huwaka na mashine ya fundi husoma namba za hitilafu kama P0455 au P0457.

Ukirudi yadi, fungua kimlango uutazame mpira kama haujapasuka, na uvitazame vishikio kama vina mikwaruzo ya bisibisi, kwani gari lililokwisha kuchokonolewa huonyesha alama. Kisha inua sakafu ya buti uitafute faneli. Kama haipo, muuzaji aitafute kabla hujamaliza malipo, maana ya kuokoteza dukani isiyolingana na tundu inaweza kuviharibu vishikio. Yangu nimeifunga kwa kamba kwenye gurudumu la akiba, na kila ninayemwazima gari namwonyesha ilipo kabla sijampa ufunguo.