Usiichane karatasi hiyo

Jinja, Jumapili jioni

Mwanangu,

Salaamu nyingi. Picha ya yule kaloli, korongo mkubwa uliyemchora kwa kalamu huko Nakasero, Kampala, imenifikia kwenye simu, na swali lako nimelisoma: mguu mmoja umetoka mnene kuliko mwenzake, wino umeshakauka, je, uchane uanze upya kwa penseli?

Usichane. Nakwambia mimi niliyelipwa mshahara kwa kukwangua wino. Unaukumbuka ule wembe niliokuwa naufunga kwenye gazeti msiufikie? Ramani tulizichora kwenye karatasi inayopitisha mwanga. Mstari ukienda kombo, unaukwangua polepole kwa ncha ya wembe, kisha unapasugua kwa ukucha mpaka nyuzi za karatasi zilale. Usiposugua, wino mpya unatambaa kama mizizi. Siku moja nilikwangua kijito kimoja mara tatu, nikatoboa. Kazi ya wiki mbili! Msimamizi hakusema neno, aliniletea karatasi mpya tu, na hilo ndilo lililoniuma.

Lakini ramani ina sababu yake. Mpaka wa shamba ukihama kidogo tu, ndugu wanapelekana kortini. Kaloli wako hana kiwanja.

Mguu ule, chora mstari wa pili mahali unapostahili, ukandamize kalamu kidogo, na wa kwanza uuache. Jicho hufuata ulio mweusi zaidi. Rembrandt wa Uholanzi, aliyefariki 1669, aliacha michoro mingi ya kalamu ambayo mstari wa kwanza na wa kuusahihisha vyote vinaonekana. Mara nyingine alifunika kosa kwa rangi nyeupe, sikufichi. Na lile tone lililodondoka karibu na kucha lisikusumbue. Weupe wa miguu ya kaloli wenyewe ni kinyesi chake, anajimwagia ili apoe joto. Ndege huyo si wa kumwonea haya.

Penseli? Nakujua. Utafuta mpaka karatasi ichoke, na ndege ameshaondoka zamani. Safari hii ulijua hakuna kufuta, ukamtazama kweli. Shingo ile ilivyozama mabegani imetoka kwa mstari mmoja, na mimi na miaka yangu yote ya rula nisingeuweza.

Mama yako anauliza kama unakula. Ukija Idi, niletee karatasi yenyewe. Kwenye simu sioni vizuri pale wino ulipokoza.

Babako