Fimbo fupi kwa sangara

Ndugu yangu, umeuliza kama fimbo ya kuvulia ya futi 6 inafaa kukokotea chambo nyuma ya boti yako ndogo hapa Mwanza. Inafaa sana, chukua hiyo. Ndefu hutenganisha mishipi vizuri, lakini sangara akifika ubavuni mwa boti na kupiga mbizi chini yake, utaumia mgongo bure. Fupi inakupa nguvu ya kumwinua.

Nunua ya faiba, ncha yake ipinde kidogo: sangara huruka na kutikisa kichwa, na fimbo ngumu isiyopinda humchomoa ndoana. Kabla hujalipa, pitisha pamba ndani ya kila pete ya kupitishia mshipi. Ikinasa nyuzi, pete ina ufa, itakukatia mshipi. Na tafadhali, ifunge kwa kamba kwenye boti. Ghuba yetu ina miamba mingi, chambo kikinasa, fimbo nzima inaenda majini.